Ikilia, Kuna Jambo

Panda matatu mjini, vuka daraja la Nyali, na kabla hujakaa vizuri utamsikia konda akigonga bodi mara mbili: "Kengeleni! Kengeleni wa kushuka!" Watu wanashuka, wanakanyagana na tuktuk, wanakimbilia Kongowea kununua viazi na nyanya kwa bei ya jumla. Wachache mno huinua macho kuitazama kengele yenyewe. Na ipo, wallahi. Imening'inia kwenye mnara wake wa tao pale njia panda, gari zinaizunguka na moshi unaifukiza, haina neno na mtu.

Mimi nimezaliwa Kisauni. Nimepita hapo tangu nikibebwa mgongoni, na hadi nilipofika miaka ishirini na kitu nilidhani Kengeleni ni jina la steji tu. Iliyonifundisha kuisoma ile kengele ni kazi, tena kazi ambayo ukiieleza kwenye harusi watu wanakuuliza, "Yani wewe ni fundi wa nini hasa?" Kazi yangu ni kuamua mashine ipige kelele lini.

Tuanze na kengele ya zamani kwanza. Ya mashine itakuja.

Mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga ng'ambo hii ya bara. Kwa miaka thelathini misheni ya Kiingereza ya CMS ilikuwa kitu kidogo, zaidi iko Rabai. Kilichobadilisha mambo ni mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambapo Sultani Barghash wa Zanzibar, huku akitishiwa na manowari za Waingereza, alikubali kufunga soko la watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Aliyetumwa kumshinikiza alikuwa Sir Bartle Frere. Manowari zikaanza kukamata majahazi kwa wingi, na swali likazuka papo hapo: watu hawa waliookolewa waende wapi? Kwao wengi ni mbali barani, na njiani kuna walewale waliowauza.

Mwaka 1875 mchungaji William Salter Price alinunua shamba hapa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wakajenga kijiji wakakiita Freretown kwa heshima ya Frere. Siku hizi Kengeleni iko katika eneobunge la Nyali, lakini Nyali ilimegwa kutoka Kisauni juzi tu, kabla ya uchaguzi wa 2013. Price aliwakuta hapa Waafrika wa Bombay, watu waliotekwa utotoni, wakaokolewa baharini, wakasomeshwa Nasik kule India, kisha wakarudishwa Afrika kama mafundi, walimu na makatekista. Wengine walijua Kiingereza na Kihindustani kuliko lugha za mama zao. Manowari nazo zikaleta mamia ya watu wengine, wengi wao watoto, waliotolewa kwenye majahazi.

Sasa fikiria umetolewa kwenye tumbo la jahazi, umepewa kibanda na shamba la mihogo, na kutoka kibandani kwako unaiona bahari ileile iliyokubeba. Biashara imepigwa marufuku kwenye karatasi, lakini wanaoifanya bado wapo. Ndipo kengele ikawekwa. Kama inavyosimuliwa hapa kwetu na kwenye makumbusho, ilipigwa kuwaonya watu kwamba chombo cha watumwa kinakaribia, wakimbie, wajifiche au wajikusanye. Baadaye ikawa ya kuwaita watu kanisani.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya mtu aliyepewa kamba ya kengele ile. Umekaa chini ya mkoko au mnazi, macho baharini. Ni msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, na majahazi yanashuka kutoka Arabuni na Ghuba kwa makumi. Hili limebeba tende, lile mazulia, lile papa mkavu. Yakigeuka kusi yanarudi na boriti za mikoko kutoka Lamu. Yote yana tanga, na kwa mbali yote yanafanana. Ukipiga kengele kwa kila tanga, watu watakimbia mara tano kwa siku wakiacha majembe shambani, na wiki ya pili hakuna atakayekimbia. Ukisubiri hadi uone sura za mabaharia, umechelewa. Mahali fulani kati ya tanga la kwanza na sura ya kwanza, lazima uchague mstari. Ukivukwa, unavuta kamba.

Mstari huo katika kazi yetu tunauita kizingiti. Neno limetoka mlangoni. Mguu ukiwa huku wewe ni mpita njia, ukiwa kule wewe ni mgeni wa nyumba.

Kizingiti cha Freretown kilikuwa na upande wa pili ambao hauandikwi kwenye vibao vya watalii. Mkataba wa 1873 ulikataza kusafirisha watumwa baharini. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali katika pwani hii hadi mwaka 1907. Maana yake, mtu aliyekamatwa ndani ya jahazi na kuokolewa na manowari alikuwa huru, na kengele ilikuwa yake. Lakini mtu aliyetoroka kwa tajiri wake hapo Mombasa au mashambani Malindi, akatembea usiku kucha hadi Freretown, kisheria alikuwa mali ya mwenzake. Wakubwa wa CMS hawakutaka ugomvi na mji, na msimamo wao rasmi ulikuwa kwamba watoro wasipokelewe. Watoro wakaja tu. Wengine walifichwa, wengine walirudishwa. Mwaka 1880 mambo yalichacha hadi wenye watumwa wa Mombasa wakatishia kukivamia kijiji. Watoro wengine wakaona heri kujitegemea, wakajijengea makao yao kama Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, mbali na kengele za wamishonari.

Ilipofika 1888 kampuni ya Waingereza ya IBEA, iliyokuwa inataka pwani itulie ifanye biashara, ilikuta misheni zimejaa watoro, Rabai hasa. Mkuu wake George Mackenzie akakubaliana na matajiri awalipe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Ukiitazama hesabu hiyo kwa jicho la fundi, unaona hivi: kwa zaidi ya miaka kumi kulikuwa na hatari kubwa inayowakabili watu zaidi ya elfu moja, na kengele haikuwekwa kwa ajili yao. Haikuharibika. Ilifanya kazi vizuri kama ilivyopangwa. Aliyeipanga tu hakuwahesabu.

Pwani ilijua habari ya kengele kabla ya wamishonari. Miji yetu ilikuwa na mbiu, pembe iliyopigwa kuwakusanya watu, na kila mtoto aliyepita darasa la nne anajua methali: mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Tunaisema kama salamu, hatuitafakari. Lakini ndani yake mna mkataba wa pande mbili. Mpiga mbiu anaahidi kwamba hapigi bure, na msikilizaji anaahidi kwamba akisikia atatoka nyumbani. Upande mmoja ukivunja ahadi, wa pili hudumu siku chache tu.

Nilivunja mkataba huo mimi mwenyewe. Nitaeleza.

Miaka kadhaa nyuma niliajiriwa kama fundi wa mtandao kwenye kituo cha kusukuma maji huku bara ya kaskazini. Jina la wenyewe nalihifadhi. Visima kadhaa, pampu, matangi, na kila pampu ina kabati la chuma lenye swichi ya kiwandani ndani yake. Swichi hizi ni binamu wa ile ya saiba, ila zimefunikwa bati nene, zinastahimili joto na vumbi, na zina kitu ambacho ya saiba haina: skrubu mbili za relei ya kengele, unapofunga nyaya za king'ora au taa nyekundu.

Relei hiyo hufanya kazi kinyume na unavyodhani. Mambo yakiwa mazuri, umeme unaishikilia. Kukitokea hitilafu, inaachiliwa na king'ora kinalia. Kwa nini ipangwe hivyo? Kwa sababu kama ingehitaji umeme ili ilie, basi siku umeme wa swichi unapokatika, siku hasa unayoihitaji, ingenyamaza. Wazo hilo ni la zamani. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hataza ya saketi ya reli ambayo mkondo wa umeme unapita kwenye pau za reli muda wote. Treni ikiingia, waya ukikatika au betri ikifa, ishara inageuka kuwa ya hatari. Yaani miaka mitatu kabla ya Freretown, kuna mtu alikuwa ameshajiuliza: je, mpiga kengele akizirai, nani atapiga?

Swichi pia inaweza kutuma ujumbe mfupi kupitia mtandao hadi kompyuta ya fundi. Itifaki yake, SNMP, ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1991 wakaandika kanuni ya jinsi ya kuweka vizingiti. Unachagua cha kupima: joto ndani ya kabati, umeme wa chanzo cha kwanza na cha pili, mwanga unaofika mwisho wa faiba, idadi ya pakiti zilizoharibika. Kisha unaweka vizingiti viwili, si kimoja. Cha juu ni cha kupigia kengele. Cha chini ni cha kuithibitisha kuwa imeisha. Bila nafasi katikati, joto likicheza kwenye nyuzi 45, mara 44, mara 46, kengele italia na kunyamaza, italia na kunyamaza, mchana kutwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Aliyefunga mitambo aliacha kizingiti cha joto kwenye nyuzi 45, namba iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Huko ilikotengenezwa, nyuzi 45 ndani ya kabati ni balaa. Kisauni mwezi wa Februari, kabati la bati juani, hiyo ni saa saba mchana tu. Swichi zenyewe zilikuwa zinastahimili hadi 70. Kwa hiyo kila siku, adhuhuri hadi alasiri, king'ora kililia getini na kwenye kompyuta yangu zikateremka meseji makumi kwa makumi.

Mzee wetu wa geti alikitia kitambaa king'ora. Alikisokomeza vizuri kabisa, kama mtu anayeziba chupa ya asali. Nilipomuuliza akanicheka.

"Shikamoo, mzee. Mbona king'ora kina nguo?"

"Marahaba, mwanangu. Hiki kitu chalia kila siku adhuhuri kama muadhini. Tofauti ni kuwa muadhini najua aniitia nini."

Nilicheka na mimi, nikaenda zangu. Juu ya hilo, nilikuwa na kitambaa changu. Kilikuwa kitufe kwenye kompyuta cha kukubali meseji zote kwa mpigo mmoja. Nilikuwa nakibonyeza kila siku baada ya chai ya saa kumi.

Swichi zetu ziliunganishwa kwa faiba kama pete. Uzuri wa pete ni kwamba ikikatika sehemu moja, habari hugeuka na kupita upande wa pili, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Pampu haitambui. Ubaya wake ni huohuo: hakuna anayetambua. Kinachokwambia kwamba sasa unaishi kwa mguu mmoja ni meseji moja tu. Ilikuja Jumanne moja saa saba na dakika kumi na mbili, katikati ya meseji za joto. Nikaikubali pamoja na wenzake. Siku kumi na tisa baadaye wachimba mtaro walikata upande wa pili, na pampu nne zikapoteza mawasiliano kwa mpigo. Matangi yakakauka kabla hatujajua tunatafuta nini.

Mamangu alinipigia simu asubuhi. "Mwanangu, maji yamekatika huku tangu jana, wajua?" Sikuwa na jibu. Siku mbili mitaa kadhaa ilinunua maji ya mkokoteni, mtungi juu ya mtungi, na mwenye kisima cha chumvi akawa tajiri. Nilipofungua kumbukumbu za mfumo nikaiona meseji yangu, imeandikwa saa na dakika, na pembeni jina langu kama aliyeikubali. Mashine ilikuwa imetimiza ahadi yake. Mimi sikutoka nyumbani.

Nilikuja kujua kwamba siko peke yangu, na wenzangu walilipa zaidi. Tarehe 28 Machi 1979, kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island kule Marekani, zaidi ya kengele mia zililia katika dakika za kwanza, na waliokuwa zamu hawakuweza kuipambanua iliyokuwa na maana. Tarehe 24 Julai 1994 kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Wales, kililipuka. Uchunguzi wa serikali ya Uingereza ulikuta kwamba katika dakika 11 za mwisho wafanyakazi wawili walitupiwa kengele 275. Hata ungekuwa na macho ya mwewe, hiyo ni kengele moja kila sekunde mbili na kitu. Baada ya hapo, mwaka 1999, wahandisi Waingereza wakatoa mwongozo: mtu mmoja, siku ya kawaida, asipewe zaidi ya kengele moja hivi kwa dakika kumi. Mwaka 2009 Wamarekani wakatoa kiwango chao, na humo kengele ikaelezwa kuwa ni ishara inayomtaka mtu afanye kitu. Isiyomtaka mtu afanye kitu haihesabiwi kuwa kengele. Nilipoisoma nikamkumbuka mzee wa geti. Alikuwa ameshaisema, bila kamati.

Na hili si suala la pampu za Kisauni tu. Chini ya bahari hii hii tuliyokuwa tukiitazamia majahazi, mwaka 1890 ulipita waya wa simu ya maandishi kutoka Zanzibar hadi Mombasa. Mwaka 2009 zikatua kebo za faiba za SEACOM na TEAMS, halafu nyingine zikafuata. Tarehe 25 Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini iliteremsha nanga mahali palipokatazwa, ikaikata TEAMS. Wiki moja nyuma kebo nyingine zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu. Kebo ikikatika, kengele haina shaka: mwanga ulikuwepo, sasa haupo. Kazi ngumu iko kwenye faiba inayofifia polepole, kiungo kinachoingia unyevu, waya uliokunjwa kupita kiasi. Kila desibeli 3 zikipungua, nusu ya mwanga imepotea, na bado intaneti inaenda, na TikTok inacheza. Hapo ndipo kizingiti kinapokuwa kazi ya mtu mwenye busara. Ufa uuone kabla haujawa ukuta wa kujenga.

Wenye kumbukumbu wataikumbuka Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004. Ardhi ilitetemeka Sumatra kabla ya alfajiri kwa saa zetu, na mawimbi yalifika pwani yetu mchana. Kulikuwa na saa kadhaa katikati. Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa kutahadharisha tsunami, kwa hiyo kengele yetu ilikuwa televisheni, redio na simu, na polisi wakawatoa watu ufukweni, siku ya sikukuu, fukwe zimefurika. Kenya ilimpoteza mtu mmoja. Somalia, kaskazini kidogo tu, ilipoteza karibu 300. Tarehe 11 Aprili 2012 kukatokea tetemeko jingine kubwa kulekule, la ukubwa wa 8.6, na safari hii mfumo ulikuwepo. Kenya ikawekewa tahadhari pamoja na nchi nyingine. Lakini ardhi ilikuwa imeteleza kwa ubavu, haikuinuka, na bahari haikuleta wimbi la maafa. Saa chache baadaye tahadhari ikaondolewa.

Kuna waliosema siku ile ati tumetishwa bure. Mimi sikubali. Kizingiti kilivukwa, mtu akavuta kamba, na mwisho akasema wazi kwamba hatari imepita na kwa nini. Kengele ya bure ni ile inayolia kila adhuhuri bila mtu kuieleza.

Kule kituoni tulikaa chini, mzee wa geti akiwemo, kwa sababu king'ora kilikuwa juu ya kichwa chake. Joto tukalipandisha hadi nyuzi 60, litulie likishuka hadi 55, na lisitume kitu mpaka lidumu dakika tano. Tukaliondoa kabisa kwenye king'ora, likabaki meseji. King'ora tukakiachia mambo mawili: pete kukatika, na umeme wa swichi kufa. Mwanga wa kila faiba tukaupima siku hiyo, tukaandika, na kizingiti tukakiweka desibeli 3 chini ya hapo. Kisha, mbele ya kila kengele, tukaandika mstari mmoja: nani anatoka, anaenda wapi, anafanya nini. Zile ambazo hatukuweza kuziandikia mstari tukazifuta.

Kuna mstari mmoja wa ziada ambao wenzangu waliuona hauna maana, nami nikaung'ang'ania. Unauliza: kengele hii isipolia, nani anaumia? Niliuweka kwa sababu ya watoro wa 1880. Unaweza kupanga vizingiti vyako vyote sawasawa, relei ikashika, meseji zikafika, na bado ukawa umewasahau watu wa upande fulani kwa kuwa hakuna sensa kwao. Tulipoujibu mstari huo tuligundua tangi moja dogo, linalolisha nyumba za nyuma karibu na mikoko, halikuwa na kipimo chochote. Halikuwahi kulia. Wenyeji wake walipokosa maji walikuwa wakidhani ndiyo hali.

Tukaliwekea sensa mwezi uliofuata. Mzee wa geti akakitoa kitambaa kwenye king'ora, akakikung'uta vumbi, akakikunja na kukitia mfukoni.

"Nakiweka karibu," akasema. "Mkianza tena mchezo, nakirudisha."

Ukishuka Kengeleni leo, simama kidogo kabla hujavuka barabara. Angalia juu. Halafu angalia boda inayokuja, maana hiyo haina kengele.